Ukanda wa sumaku wa kuwekea visu: uzoefu wangu jikoni

Nianze na jibu la kama ukanda huu wa kufunga ukutani unafaa kununuliwa, maana wengine mnasoma haya mkiwa dukani: ndiyo, nunua. Ila chukua wenye uso wa mbao, na uufunge kwa skrubu. Ule wa kubandika kwa gundi uache hapohapo kwenye rafu, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Mimi napika kila siku, na mwisho wa wiki napika kwa oda: pilau, biriani, sambusa za shughuli. Visu vyangu vilikuwa vinaishi kwenye droo pamoja na miiko, vifungulio vya chupa na viberiti. Kila ukiivuta droo unasikia vyuma vinagongana, na kila vinapogongana makali yanaliwa. Unanoa Ijumaa, Jumapili nyanya inabonyea badala ya kukatika. Halafu kuna hatari yenyewe: umeme umekatika, mtu anapapasa kijiko cha chai humo ndani, anatoa mkono una damu. Watu wengi huogopa kisu kikali. Mimi naogopa butu, kwa sababu ndicho unachokikandamiza mpaka kiteleze kwenye ganda la kitunguu na kukujia kidoleni.

Kuna wanaopenda kile kigogo cha mbao chenye matundu. Sikitaki. Kinakula nafasi ya meza, na kwa joto la Dar na unyevunyevu wake, kisu kikiingizwa kina maji kidogo tu, lile tundu halikauki wala huwezi kuliosha kwa ndani. Ukutani kila kitu kiko wazi. Uchafu ukiwepo unauona, unaufuta, basi.

Ukanda wa kwanza nililetewa zawadi. Chuma kitupu kinachong'aa, na nyuma yake gundi ya pande mbili. Wakati wa kiangazi ulitulia vizuri. Masika yalipoanza, ukuta ukavuta unyevu na mvuke wa masufuria juu yake, usiku mmoja ukanda ukashuka na visu vyote. Kishindo chake kilimwamsha hadi jirani. Nilipouokota nikakuta gundi haijaachia hata kidogo: imeshika vizuri kabisa ngozi ndefu ya rangi ya ukuta, imebanduka nayo nzimanzima. Fundi nilipomwonyesha alicheka. "Dada, gundi imeshika rangi. Sasa rangi yenyewe imeshikwa na nini?" Kwenye vigae vilivyosafishwa mafuta gundi ina afadhali, hilo nakubali, lakini kama ni kuning'iniza kisu cha kukatia nyama juu ya miguu ya watu, hata kwenye vigae siiamini.

Wa sasa ni wa mbao, nimeununua Kariakoo kwa bei ya kuku wawili wa kisasa. Nyuma yake kuna safu ya sumaku zilizopachikwa kwenye mfereji, na hapo ndipo pa kuangalia kabla hujatoa pesa. Kanda nyingine zina sumaku zilizosogeleana toka mwanzo hadi mwisho. Nyingine zina sumaku moja hapa, moja kule, na katikati hakuna kitu. Kwa nje zinafanana. Nilikwenda dukani na kisu changu kizito kuliko vyote nimekifunga kwenye kipande cha boksi, nikakiweka kwenye ukanda na kukisogeza taratibu kuelekea upande mmoja. Penye sumaku mkono unahisi kinavutwa. Penye pengo kinalegea ghafla, ncha inaanza kuinama chini. Muuzaji alinitazama kwa jicho baya kidogo, lakini niliukataa wa kwanza na wa pili, nikachukua wa tatu.

Uulize pia ni sumaku gani. Zile nyeusi za bei rahisi, za jamii ya zilizomo nyuma ya spika za redio, zikikaa nyuma ya mbao haziwezi kubeba kisu kizito, kwa kuwa nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kadiri unavyoiweka mbali na chuma. Zinazofaa ni za neodimiamu, zilizoanza kujulikana miaka ya 1980 huko Japani na Marekani. Hizo ni ndogo na zina nguvu ya ajabu, ila hazipendi moto: za kawaida zikizidi nyuzi 80 hivi za Selsiasi huanza kupoteza nguvu, na hazirudi zilivyokuwa hata zikipoa. Kwa hiyo usiuweke juu ya jiko la gesi. Mvuke na mafuta pekee yangetosha kuwa sababu, hii ni ya nyongeza.

Kuufunga kulikuwa kazi ndogo. Ukuta wetu ni wa tofali la simenti na lipu, kwa hiyo drili yenye ncha ya zege, plagi za plastiki, skrubu, na pimamaji ili usikae upogo. Angalizo moja tu: usitoboe juu au chini ya soketi kwa mstari ulionyooka, kwa kawaida waya ndimo zinamopita. Kimo nimechagua usawa wa macho yangu, nyuma ya meza ya kukatia, mahali ambapo hakuna anayepita chini yake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wahenga hawakumjua mjukuu wa dada yangu, ambaye akiona kiti anaona ngazi. Kama nyumbani una mtoto wa namna hiyo, kimo peke yake hakitoshi, mlango wa jikoni nao ufungwe. Na kama kuna mzee mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani, asiegemee hapo. Kifua kikae mbali na sumaku, sentimita 15 au zaidi.

Jambo ambalo kijikaratasi cha ndani ya boksi hakikusema, na ndilo lenye maana kuliko yote, ni namna ya kukiweka na kukitoa kisu. Ukikisogeza ubapa mzima kwa mkupuo, sumaku inakinyakua kutoka vidoleni na makali yanapiga ukanda. Kwenye uso wa chuma hiyo inatosha kuyavunja meno madogo madogo. Ninavyofanya: mgongo wa kisu ndio unaotangulia kugusa mbao, makali yakiwa yamenielekea mimi kidogo, kisha nakilaza polepole kama ninayefunga kitabu, mpaka ubapa ukae. Ukisikia "tap" nyepesi, sawa. Ukisikia "ta!" umekitupa. Kutoa ni kinyume chake: unashika mpini, unakizungusha ili makali yaachie kwanza huku mgongo ungali umeegemea, ndipo unavuta. Usikiburute kwa pembeni, maana hapo unaikwangua mbao na makali vilevile. Binti anayenisaidia kazi alilizoea haraka kuliko mume wangu, ambaye mpaka leo anakichomoa kisu kama anakwenda vitani.

Kisu lazima kiwe kikavu. Pale kinapogusana na mbao maji yakibaki hayana pa kwenda, na asubuhi utakuta alama ya kahawia. Visu vya chuma cha pua huvumilia. Kile changu cha zamani cha chuma cheusi, nilichorithi kwa bibi na kinachokata kuliko vyote, hakivumilii hata tone. Hicho nakifuta, nakipaka mafuta ya kula kidogo, ndipo kinapanda ukutani.

Si kila kitu kinashikwa. Visu vya kauri, vile vyeupe, sumaku haivitambui kabisa. Visu vya chuma cha pua vinashikwa, ingawa vijiko vizuri vya chuma cha pua havishikwi, na hilo lilinishangaza mpaka nikajua sababu: vijiko vilivyogongwa muhuri wa 18/8 vina nikeli asilimia 8, na nikeli hiyo ndiyo inayobadili mpangilio wa chuma kisivutwe. Visu havitiwi nikeli nyingi kwa sababu vinatakiwa vigumu ili vishike makali. Ukiwa na kisu chenye maandishi X50CrMoV15 (jina la aina ya chuma cha pua), kama vingi vitokavyo Solingen, Ujerumani, kitanata bila shida. Kama una wasiwasi na vya kwako, chukua sumaku ya mlango wa friji ukaviguse kimoja kimoja kabla hujaenda kununua.

Kasoro zipo. Mbao inavuta vumbi na mafuta ya kukaangia, kwa hiyo naipangusa kila wiki kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, nikisahau inakuwa na utando wa kunata. Kisu cha mkate ni kirefu na chembamba, kinahitaji kulazwa kwa uangalifu la sivyo ncha inazunguka. Panga sijaliweka, wala sitaliweka: uzito wote uko kwenye kichwa chake, na sumaku yoyote ya jikoni itashindwa siku mtu akibamiza mlango. Limebaki kabatini kwenye ala yake. Na visu vikiwa wazi, kila mgeni anavutiwa kuvishika. Mama mkwe alipoingia mara ya kwanza alisimama mlangoni, akavitazama, akasema, "Mwanangu, hapa ni jikoni au buchani?" Kesho yake nilimkuta anakata mchicha kwa kile cha bibi, na alikirudisha mahali pake.

Urefu: wangu ni wa sentimita 40, unabeba visu sita ukiacha nafasi ya vidole kati ya mpini na mpini. Vinavyoonyeshwa kwenye picha ya boksi ni vingi zaidi, lakini hapo huwezi kutoa kimoja bila kugusa makali ya jirani yake. Ukiwa na visu viwili vitatu tu, wa sentimita 30 unatosha. Nyumba yetu ni ya kupanga. Mwenye nyumba alikubali matundu mawili, kwa sharti kwamba siku tukihama tuyazibe na kupaka rangi.