Osileta ya fuwele: kuiiga kwenye programu au kuijenga mezani?

Osileta ya fuwele ni sakiti inayotoa mawimbi ya umeme ya masafa thabiti kwa kutumia mtetemo wa kipande cha fuwele; mwanafunzi anaweza kuiiga kwenye kompyuta au kuijenga kwa vipande halisi. Kwa gharama, mwanafunzi wa umeme aliyeko Mtwara na mwenye kompyuta hunufaika zaidi na programu, kwa kuwa LTspice na ngspice hupatikana bure, ilhali fuwele huenda ikalazimu kuagizwa Kariakoo na kusubiriwa basi.

Uhakika wa majibu ni suala zito zaidi. Ndani ya programu fuwele huwakilishwa na koili, kapasita na rezista zilizounganishwa kwa mfuatano, pamoja na kapasita nyingine sambamba nazo. Lakini kwa kuwa humo hamna kelele ya asili ya umeme, yaani mitikisiko midogo ambayo katika sakiti halisi huanzisha mtetemo, sakiti iliyo sahihi kabisa huweza kukaa kimya mpaka isukumwe kidogo mwanzoni, na hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Fuwele ya saa ya hezi 32,768 huhitaji maelfu ya mizunguko kabla ya kutulia, hivyo kompyuta hukokotoa kwa muda mrefu. Bredibodi, yaani ubao wa matundu wa kuunganishia vipande bila kulehemu, nayo hupotosha, maana pikofaradi (kipimo kidogo sana cha uwezo wa kapasita) chache za ziada baina ya safu zake husogeza masafa.

Kuhusu matunzo, hewa ya chumvi ya pwani hula viunganishi vya chuma vya sakiti iliyojengwa mezani.

Anayetaka kuelewa jinsi mtetemo unavyoanza, atumie programu. Anayetengeneza saa itakayotumika kazini, ajenge, tena kwenye bodi iliyolehemiwa.