Ununue nini kusafisha sarafu za kale zilizotoka ardhini

Rangi ya kahawia au kijani iliyokolea juu ya sarafu ya shaba si uchafu. Ni ngozi yake, na mkusanyaji hulipia hiyo ngozi. Kwa hiyo tumepanga bidhaa hizi kuanzia iliyo pole zaidi. Kama sarafu ni ya kabla ya 1863, Tanzania inailinda kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: usiisafishe, itolee taarifa.

1. Maji yaliyokenekwa, lita 5. Kwa sarafu nyingi haya yanatosha. Maduka ya vipuri huyauza kama maji ya betri, lakini soma lebo vizuri, maana tindikali ya betri hukaa rafu ileile na itaila sarafu. Loweka wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku. Maji ya bomba yana klorini, yaache. Pesa ya Zanzibar ya 1299 Hijria (1882), ile yenye mizani, ikitoka kwenye udongo wa pwani huwa imenyonya chumvi, hivyo iloweke wiki kadhaa. Ukiona unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta, chumvi bado inaila shaba kwa ndani. Endelea kuloweka, na uitenge na nyingine. Udongo uliolainika utoe kwa kijiti cha meno kilicholowa. Usisugue sarafu kavu: chembe za mchanga huacha mikwaruzo isiyofutika.

2. Asetoni safi, mililita 100. Huondoa grisi, gundi na utelezi wa plastiki bila kugusa madini. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina manukato na mafuta, haifai. Tumia bakuli la kioo, dirisha wazi, mbali na jiko.

3. Parafini ya maji ya duka la dawa (si mafuta ya taa). Hulainisha ukoko mgumu, ila kwa miezi, na huigeuza shaba kuwa nyeusi zaidi. Mafuta ya zeituni yana asidi kidogo, ndiyo maana tumeyaweka chini yake.

4. Magadi ya kuokea na karatasi ya alumini. Kwa fedha iliyo nyeusi tu: kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji ya moto, sarafu iguse karatasi, dakika moja, suuza. Rupia ya Kijerumani, yenye fedha 917 kwa 1000, huvumilia. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ni robo tu fedha, iliyobaki zaidi ni shaba, na weupe wake ni tabaka jembamba. Ukiichezea inageuka ya waridi.

Usinunue siki, wala usitumie ndimu, ukwaju au soda. Asidi huyeyusha ngozi yote na kuacha shaba yenye vishimo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Dawa ya meno na brashi ya waya ziache pia.

Bajeti ikibaki, nunua pakiti za silika, uziweke pamoja na sarafu zilizokauka kabisa.