Mita ya gesi ya kulipia kidogo kidogo: uzoefu wangu

Kompyuta inayofanya kazi kubwa kuliko zote nyumbani kwangu haina kibodi, na hakuna anayeiita kompyuta. Imefungwa juu ya mtungi wa gesi, kati ya valvu na mpira unaokwenda kwenye jiko. Wakwe zangu wanaiita "kijimita" tu. Ndani yake mna kihisi kinachopima gesi inayopita, kivalvu kinachojifunga na kujifungua chenyewe, betri, na laini ya simu kama ya simu yako. Unatuma pesa kwa simu, taarifa ya malipo inafika kwenye mita, kivalvu kinalia "tak", unawasha jiko. Ukipika salio linashuka. Likifika sifuri, gesi inafungwa.

Kwa Dar es Salaam jambo hili si geni. Kampuni ya KopaGas walilianzia hapa hapa mjini, na mwaka 2020 teknolojia yao ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas, ambao Kenya huduma yao inajulikana kama M-Gas. Yangu ni ya kampuni nyingine, ila utaratibu haupishani sana.

Nianze na kilichonifurahisha. Mtungi wa kilo 6 ukitaka kuujaza unatoa zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na kwa nyumba inayoishi kwa kipato cha kila siku huo ni mlima. Ndiyo maana watu wananunua mkaa wa kipimo, si kwamba wanaupenda moshi. Mita hii imelimaliza tatizo hilo. Leo nina 2,000, naweka 2,000, chai na ugali wa mchana vinapikwa. Mtungi ukikaribia kuisha, kampuni inaona kabla yangu na kijana wa bodaboda anagonga mlango na mwingine. Mama mkwe wangu, ambaye simu yake ni ya kubonyeza na hajawahi kugusa kompyuta, anaitumia kila siku. Anachungulia tarakimu kwenye kioo kidogo, ananiita, "Mwanangu, gesi yetu inakaribia, weka chochote," kisha anaendelea na nazi yake.

Mwaka 1988 Mark Weiser, aliyekuwa mtafiti wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kule California, alianza kusema kwamba kompyuta za baadaye zitaingia ndani ya vitu vya kawaida mpaka tusizione tena. Alifariki 1999. Ningetamani angemwona mama mkwe akikuna nazi pembeni ya kijimita chake.

Sasa lililoniudhi. Jioni moja maharage yalikuwa jikoni, nusu yameiva, salio likakata. Nikalipa palepale. Pesa ikatoka, ujumbe wa malipo ukaingia, lakini kivalvu kimya. Mtandao ulikuwa unasumbua mtaa mzima, na mita bila mtandao haina habari kwamba umelipa. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akaniambia kwa upole nisubiri, mfumo wao unaonyesha nimelipa. Mfumo unaonyesha, jiko limezima. Kioo kinasema 0, hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna namba ya kuingiza. Maharage tukayamalizia kwenye mkaa, na gesi ikafunguka usiku watoto wakiwa wameshalala.

Pale ndipo nilipoiheshimu upya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nayo ni kompyuta iliyojificha ukutani miaka yote hii, na wengi wetu tulilitambua hilo mwaka 2024. Zile namba 20 unazoingiza zimebeba kiasi cha uniti na muda zilipotolewa, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndiyo maana za jirani hazikubali kwako. Kanuni ya kiufundi ambayo mita hizi zinaifuata inaitwa STS, ilizaliwa Afrika Kusini, na muda wake unahesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Nafasi ya kuhesabia ni biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 na 1, zinazotosha dakika zipatazo milioni 16.7, na zilikuwa zinajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu tuliambiwa tuingize makundi mawili ya ziada ya tarakimu 20 kabla ya siku hiyo: tulikuwa tunaibadilishia mita ufunguo ili hesabu ianze upya, kwa vidole vyetu, nyumba kwa nyumba. Wakenya nao walifanya hivyo hivyo na tokeni zao.

Lakini angalia uzuri wake. LUKU haihitaji mtandao kwenye mita. Unaweza kununua umeme ukiwa Kariakoo, ukaandika namba kwenye karatasi, ukafika Mbagala mtandao umekufa kabisa, ukabonyeza tarakimu zako na taa zikawaka. Mwenye nyumba ana njia yake ya kuingia. Mita yangu ya gesi ni mpya, lakini ikikwama mimi ni mtazamaji tu. Nimewaandikia kampuni waweke namba za dharura za kuingiza kwa mkono, hata kama ni za gesi ya mlo mmoja, na ninalisisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu anayekatikiwa ni mtu mwenye sufuria jikoni na watoto wanaongoja.

Kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Mita inajua saa zangu zote za kupika. Ramadhani ikifika, jiko langu linawaka alfajiri kwa ajili ya daku na linanyamaza mchana kutwa. Mtu yeyote mwenye rekodi hizo anajua nyumba hii inafunga. Anajua pia siku tulizosafiri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mteja ana haki ya kuuliza taarifa zake zinatumikaje. Niliuliza kwenye barua ileile.

Kwa nyumba inayopika kwa mkaa na haiwezi kutoa hela ya mtungi mzima, chukua mita hii, utapumua. Kama unaweza kujaza mtungi wako mwenyewe, kwa hesabu zangu mtungi wa kawaida bado una nafuu kidogo kwa mwezi. Na kabla hujasaini, muulize fundi anayekuja kuifunga: nikishalipa na mtandao ukakata, gesi naifungua vipi? Akishindwa kukujibu, jiko lako la mkaa usiligawe kwanza.