Boksi la UV la saluni: steralaiza kweli au taa ya urembo?

Wakuu, haya maboksi meupe yenye taa ya bluu yaliyojaa siku hizi kwenye saluni za kiume, mimi ninalo kwangu, la wati 8, halina hata jina la kampuni, nimelichukua Kariakoo kwa kama elfu sabini hivi, na wateja hawaishi kuniuliza kama linaua vijidudu kweli. Taa inaua. Boksi halisafishi mashine ya kunyolea. Hapo kati ndo wauzaji wanapotuchanganya, maana wanakwambia we tumbukiza tu mashine, funga mlango, kazi imeisha.

Lenyewe ni plastiki, mlango mbele, ndani kuna kitrei chenye matundu na taa moja juu. Taa ya kwangu ni bomba la kioo angavu ambalo halijapakwa ule unga wa tyubulaiti, unaona mpaka nyaya za ndani, na hiyo ni dalili nzuri kwamba inatoa UV-C, mionzi ile ya nanomita 254 hivi inayoharibu vinasaba vya bakteria, virusi na fangasi wakashindwa kuzaliana. Sasa mjue ile bluu mnayoiona siyo inayoua, UV-C yenyewe haionekani kwa macho, kwa hiyo kuna maboksi mengine yamewekewa vitaa vya LED vya bluu vya kupendezesha tu na vinawaka vizuri kuliko hata hii yangu. Ukiwa dukani fungua mlango kabla hawajachomeka umeme uangalie taa ya aina gani. Halafu angalia kama inazima yenyewe mlango ukifunguliwa. Kama haizimi, rudisha, hiyo kitu inaunguza ngozi na macho, hausikii chochote pale pale ila baada ya masaa kadhaa macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga.

Tatizo kubwa ni kwamba UV-C haipindi kona na haipenyi uchafu. Toa mashine kwenye kichwa cha dogo mwenye mapunye halafu tazama katikati ya meno kwenye mwanga mzuri, utaona vinywele vimelala humo na mafuta na vigamba vya ngozi, na fangasi yuko ndani ya hivyo vigamba na vinywele, siyo juu juu. Ukiilaza kwenye trei, upande wa chini umepata kivuli, katikati ya meno kivuli, taa inapiga juu tu. Na jumamosi jioni foleni imejaa nani anasubiri, mashine inakaa humo nusu dakika inatoka, mteja anaona taa ya bluu anaridhika, basi.

Kinachofanya kazi ni kile kile cha zamani ambacho hakina taa. Mswaki mkavu utoe nywele zote, ndo uje na spiriti ya asilimia 70 kwenye meno na uiache ilowe mpaka ikauke yenyewe, usiifute. Na msikimbilie ile ya 95 mkidhani ni kali zaidi, haina maji ya kutosha kuvuruga protini za vijidudu na inapaa haraka mno. Ikikauka tia mafuta ya mashine maana spiriti inakausha. Vichana vya plastiki osha kwa sabuni kwanza, loweka kwenye jiki, ile ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo 1 kwa maji vipimo 6, dakika 10, suuza. Meno ya chuma usiloweke humo, yatakula kutu. Na jiki usiichanganye na spiriti wala dawa ya choo, moshi wake ni sumu.

Damu ni habari nyingine. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone lililokauka usiloliona, kwa hiyo wembe ni mpya kila kichwa, hapo hakuna cha boksi wala spiriti. Kusteralaizi kwenyewe, kwa maana ya kuua kila kitu mpaka zile mbegu ngumu za bakteria ambazo spiriti haiziwezi, ni mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 kama wanavyofanya hospitali, na mashine ya umeme huwezi kuiingiza humo. Mkasi mtupu wa chuma unaweza. Ndo maana lile neno "steralaiza" walilobandika kwenye boksi naona ni kubwa mno kwa taa ya wati 8.

Kwa hiyo linafaa nini? Kuhifadhia. Mashine ikishasafishwa nailaza humo usiku haipati vumbi wala mende, na hilo linafanya vizuri sana, kama kabati naipa nyota nne, kama steralaiza mbili. Taa za hivi huwa zinachoka kwenye masaa elfu nane tisa hivi, bluu inaendelea kuwaka vile vile ila UV-C imeshapungua, sasa taa ya kubadilishia ulizia kabisa siku unayonunua, mimi duka nililonunulia hawakuwa nayo.

Kama ndo unaanza saluni na mfukoni una hiyo elfu sabini tu, ongezea kidogo ununue mashine ya pili. Moja inakauka na spiriti, nyingine iko kichwani, foleni haisimami na hakuna anayekurupusha.