Vitabu vya Kitaaluma kuhusu Dini, Jamii na Wakfu wa Pwani: Ununue Vitabu Gani Kwanza

Wasomaji wangu wamekuwa wakiniletea malalamiko yanayofanana. Mmoja wao, mwanafunzi wa uzamili anayetafiti wakfu (mali iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani) wa misikiti ya Pwani, alijinyima akaagiza kutoka Ulaya mkusanyiko wa makala kuhusu sadaka na utoaji katika jamii za Kiislamu, kwa fedha ambazo kwa wengi wetu ni kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kitabu kilipofika, akakuta hakina faharasa, yaani ile orodha ya mwishoni ya majina na mada pamoja na nambari za kurasa zake. Alijua kwa yakini kwamba Lamu imetajwa humo, kwa kuwa alikuwa ameuona ukurasa huo ukinukuliwa katika tasnifu ya mtu mwingine asiyeandika nambari yake, na ilimbidi apekue zaidi ya kurasa mia tatu kuutafuta.

Umaarufu wa mwandishi, sifa zilizoandikwa kwenye jalada na mwaka wa toleo, hayo kila mnunuzi huyaangalia mwenyewe. Mimi nauliza kuhusu faharasa tu, kwa sababu kitabu cha kitaaluma hakisomwi mara moja kikaisha. Unakisoma sura mbili mwaka huu, kisha unakirudia kwa miaka kumi ukitafuta jina, msikiti, fatuwa au hati moja, na kama huna njia ya kuyafikia hayo, basi umenunua karatasi.

Kuipima ni kazi ya dakika tano. Fungua kurasa za mwisho umtafute Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947. Jina lake ni kipimo kizuri, kwani mtunga faharasa asiyejua majina yetu atamweka chini ya "Sheikh", au chini ya "bin", au atawarundika pamoja watu wote wenye "al-" hadi usijue nani ni nani, ilhali anayejua atamweka chini ya Mazrui na kuacha rejeo mahali pengine utakapoanzia kumtafuta. Mpime vivyo hivyo Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mfasiri wa Kurani kwa Kiswahili. Kisha tafuta wakfu, ukikumbuka kwamba vitabu hivi karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza na kila mwandishi ana tahajia yake: waqf, wakf, wakfu. Ukikuta neno hilo limefuatwa na nambari thelathini za kurasa zilizopangwa mfululizo bila mgawanyo wowote, hujasaidiwa, kwa maana itakubidi ufungue kurasa zote thelathini. Faharasa iliyofanyiwa kazi itakutengea wakfu wa misikiti, wakfu wa familia, wasimamizi wake na wakfu chini ya serikali ya kikoloni, na itakupeleka kwenye zaka na sadaka. Kwa kitabu cha kurasa 300 kazi hiyo huchukua kurasa kumi hivi au zaidi. Kurasa mbili hazitoshi kitu.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi pendeleo langu, ni matoleo ya pamoja ya mfululizo wa "Eastern African Studies", ulioanzishwa na James Currey wa Uingereza pamoja na Ohio University Press ya Marekani, na ambao vitabu vyake vingi vilitolewa pia na wachapishaji wa kwetu: Mkuki na Nyota Dar es Salaam, East African Educational Publishers Nairobi na Fountain Kampala. Katika utaratibu huo kitabu ni kilekile, kurasa ni zilezile na faharasa ni ileile aliyonayo profesa wa Ohio, lakini toleo la huku lilikusudiwa mfuko wa msomaji wa huku. Mkuki na Nyota, nyumba aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi, ndiyo ninayoitazama kwanza kila ninapotafuta kitabu cha jamii au dini. Anayetaka dini aanze na "East African Expressions of Christianity", uliohaririwa na Thomas Spear na Isaria Kimambo mwaka 1999. Ni mkusanyiko wa makala, aina ya kitabu ambayo kwa kawaida naiogopa, lakini huu unastahili nafasi kwenye rafu. Anayetaka utamaduni atafute "Pastimes and Politics" cha Laura Fair cha mwaka 2001, kinachoeleza jinsi watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, wengi wao wakiwa wametoka utumwani, walivyojijengea heshima kwa mavazi, kwa mpira na kwa taarabu ya Siti binti Saad.

Nafasi ya pili naipa matoleo ya jalada laini ya vyuo vikuu. Kwa utoaji na wakfu kwa jumla, "Charity in Islamic Societies" cha Amy Singer, kilichotolewa na Cambridge mwaka 2008, ndicho mlango mzuri wa kuingilia, mradi ujue kwamba macho yake yako zaidi Mashariki ya Kati na dola ya Waosmani kuliko Mombasa au Pemba. Kwa fikra za Pwani yenyewe, "Philosophising in Mombasa" cha Kai Kresse cha mwaka 2007 kinawachukua Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir na Sheikh Abdilahi Nassir kama wanafikra wenye hoja zao, na kwa heshima hiyo peke yake nakipendekeza. Kwa utoaji wa Kiafrika nje ya mipaka ya dini moja, mkusanyiko wa "Giving to Help, Helping to Give" wa Tade Akin Aina na Bhekinkosi Moyo, wa mwaka 2013, ingawa haukutolewa na chuo kikuu, unaanza pale panapostahili, yaani kwamba Waafrika walikuwa watoaji kabla hawajaitwa wapokeaji.

Ya tatu ni nakala zilizotumika, hasa zile zilizoondolewa katika maktaba za Marekani zikiwa bado na mhuri na jalada gumu. "The Sacred Meadows" cha Abdul Hamid el-Zein cha mwaka 1974, kuhusu dini na matabaka Lamu, ni cha kutafutwa kwa njia hiyo. Kagua tu kwamba kurasa za mwisho zipo, kwa sababu ndizo za kwanza kuachia.

Majalada magumu mapya ya Ulaya nayaweka mwisho, hata kama utafiti wake ni bora. Fotokopi na faili za simu sina mengi ya kusema juu yake, ila kwamba anayetoa kopi mara nyingi huacha kurasa za nyuma ili kupunguza gharama, na kwamba katika vitabu vingi vya kielektroniki nambari za kurasa hubadilika kwa ukubwa wa herufi, hivyo faharasa iliyobandikwa kutoka toleo la karatasi haikupeleki popote.

Lipo jambo linaloniumiza, na wauzaji hawalitaji. Katika mikataba mingi ya vitabu vya kitaaluma, kutunga faharasa ni mzigo wa mwandishi: aitunge mwenyewe, au alipie mtu, au gharama ikatwe katika mrabaha wake. Katika mkusanyiko wa makala, waandishi kumi na wawili kwa kawaida hawalipwi chochote, wahariri wamechoka, na faharasa inakuwa ya kwanza kutupwa. Kitabu hicho hicho huuzwa kwa zaidi ya dola mia moja. Wazee wa Lamu, Bagamoyo na Unguja walikaa barazani wakatoa maarifa yao bila malipo, wakafungua masanduku yao wakaonyesha hati za wakfu za babu zao, na leo mjukuu wao akitaka kujua babu yake alinukuliwa ukurasa gani, anaombwa fedha ambazo hana ili anunue kitabu ambacho hakitamwonyesha. Muuzaji wa mjini naye huongeza faida yake juu ya bei ya Ulaya, hufunga kitabu kwa nailoni, na humkataza mteja kuifungua kabla ya kulipa.

Usikubali masharti hayo. Kabla hujatuma fedha, mwombe muuzaji akupigie picha kurasa nne za mwisho na azitume kwa WhatsApp, pamoja na ukurasa wa haki za uchapishaji ili uone kama lipo toleo la Dar es Salaam au Nairobi la kitabu hicho. Muuzaji mwaminifu hufanya hivyo siku hiyo hiyo. Anayekwambia kwamba faharasa si muhimu, muulize bei ya toleo la Mkuki na Nyota, na kama hana, nunua kwa mwingine aliye nalo.