Corrales na Castillo, 7 Mei 2005: tazama raundi zote kumi, siyo ya mwisho peke yake

Kipande kinachozunguka kwenye simu kina dakika chache tu. Bondia Diego Corrales anaangushwa mara mbili, anatema kinga ya meno, ananyang'anywa pointi, halafu anamgeuzia kibao José Luis Castillo na refa anamaliza pambano. Wanaotazama hicho tu hutoka na neno moja, "roho", na mjadala unafia hapo. Anayependa ngumi atafute rekodi kamili, raundi kumi na mapumziko yake, dakika arobaini hivi. Ni pambano bora kuliko yote ya uzani mwepesi yaliyopiganwa karne hii, na ubora huo ulikuwepo tangu raundi ya kwanza.

Lilipiganwa Mandalay Bay, Las Vegas, kwa uzani wa pauni 135. Castillo wa Mexico alikuwa na mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, Corrales wa Marekani na ule wa WBO, mashirika mawili tofauti ya ngumi. Refa alikuwa Tony Weeks, na sehemu ya sifa ni yake: mabondia walipogusana vipaji vya nyuso na kupiga, hakukimbilia kuwaachanisha. Maadamu mikono inafanya kazi, aliwaacha.

Hoja ya kwanza ambayo mashabiki huigombania ni ya umbali. Corrales alikuwa mrefu kuliko Castillo na mwenye mikono mirefu, basi kwa nini akubali kupigana kifua kwa kifua? Wengi husema ulikuwa ujinga wa ushujaa. Sikubaliani nao. Januari 2001, Floyd Mayweather alimwangusha Corrales mara tano, na sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika kwa mbali: Corrales alikuwa mzito wa miguu na Mayweather akamchagulia pa kumpiga. Kwa Corrales, mbali hakukuwa mahali salama. Castillo naye ni mtu wa kusonga mbele. Ukirudi nyuma anakufuata mpaka kambani na kukuchimba mbavu. Kona ya Corrales, chini ya kocha Joe Goossen, iliamua asimame, aweke bega lake kwenye kifua cha Castillo, na apige fupi: mbavuni, kisha apakati, ile ngumi inayopanda kutoka chini hadi kidevuni.

Ukitazama, usifuate ngumi kwanza. Fuata mguu wa mbele wa Corrales. Anapoutanguliza nje ya mguu wa Castillo, mkono wake wa kulia unapata njia na apakati inapita katikati ya mikono ya mpinzani. Anaposimama miguu sambamba, kifua kikimkabili Castillo moja kwa moja, ndipo anapopigwa. Kosa lake la pili linarudi usiku mzima: akitupa ngumi ya kulia, mkono huo haurudi shavuni bali unabaki chini, usawa wa kifua. Castillo alikuwa na ngumi ya kushoto ya kuzungusha iliyojua njia ya pale. Punguza kasi ya video na utaiona mapema, kabla haijaangusha mtu.

Sasa raundi ya kumi. Macho ya Corrales yamevimba, na kadi za majaji zimekaribiana sana. Mapema katika raundi, kushoto ya kuzungusha inampeleka chini. Anainuka, kinga ya meno imetoka, mchezo unasimama ili isafishwe na kurudishwa. Muda mfupi baadaye yuko chini tena, na kinga iko nje tena. Weeks anamhesabia, kisha anamkata pointi moja kwa kuitoa kinga kwa makusudi na kumpeleka kwenye kona irudishwe. Hapo Goossen anamwambia lazima aingie ndani, amkaribie Castillo sasa hivi.

Watu wa Castillo hulalamikia sekunde hizo, na wana hoja. Bondia aliyepigwa hadi kichwa kikazunguka, kila pumzi ni dawa. Lakini refa hawezi kumwachia mtu apigane bila kinga mdomoni, maana taya na meno vinaweza kuharibika kwa ngumi moja. Adhabu aliyokuwa nayo kwa kosa hilo ni pointi, na aliitumia. Tena Castillo naye alipumzika muda huohuo, akiwa mzima kuliko mwenzake.

Piga hesabu ya raundi ile uone kona zilikuwa zinatazama nini. Mshindi wa raundi hupewa pointi kumi na mwenzake tisa au pungufu; kuangushwa mara mbili huleta 10-7 kwa kawaida. Ongeza pointi iliyokatwa, inakuwa 10-6. Corrales alikuwa anaelekea kupoteza pointi nne ndani ya raundi moja, na zilibaki mbili tu baada yake. Kwa kadi zilizokaribiana vile, kushinda kwa pointi kulikuwa kama ndoto. Agizo la Goossen halikuwa maneno ya kutia moyo. Lilikuwa mbinu pekee iliyobaki.

Castillo akaingia kumalizia, na akaingia wazi. Corrales akampata na ya kulia, kisha kushoto ya kuzungusha iliyomtikisa, akamsukuma kambani na kumwaga ngumi bila kupumzika. Kichwa cha Castillo kilirudi nyuma, mikono ikashuka, na Weeks akaingia kati dakika 2 na sekunde 6 za raundi. Castillo hakuanguka usiku ule hata mara moja. Wapo wanaosema alisimamishwa mapema. Tazama macho na mikono yake katika sekunde za mwisho, hamna ulinzi wowote. Uamuzi ulikuwa sahihi.

Kosa kubwa la kimbinu katika pambano zima ni hapo, na linazungumzwa kidogo mno. Castillo alipotikiswa hakukumbatia, na hakupiga goti. Goti lingehesabiwa kuanguka na kumgharimu pointi moja, lakini lingempa nafasi ya kupumua refa akihesabu hadi nane, huku akiwa mbele sana katika raundi ile na imebaki dakika moja hivi. Alikuwa na roho sawasawa na ya Corrales. Kilichomponza ni mazoea ya usiku mzima: kwa raundi tisa walikuwa hawajakumbatiana ila kwa nadra, na mwili ulipochoka haukukumbuka njia ya kujinusuru.

Kwa kutazama, napendekeza mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti, chukua karatasi na utoe pointi zako kwa mfumo wa 10-9, kwa sababu watangazaji wa Showtime, kituo cha televisheni kilichorusha pambano, wanashangilia (kwa haki kabisa) na shangwe hubadilisha jicho. Mara ya pili washa sauti, hasa wakati wa mapumziko, usikie kona zinasema nini. Anayefundisha vijana gym asiwaonyeshe raundi ya kumi kabla ya tatu za kwanza. Wataiga kupokea ngumi na kuacha kujifunza miguu.

Marudiano ya 8 Oktoba 2005 hayapewi alama nzuri hapa. Castillo alipanda mzani akiwa na pauni 138.5, mikanda haikuwaniwa, na usawa wa pambano ukaharibika kabla ya kengele. Pambano la tatu lilivunjwa Juni 2006 kwa sababu ileile ya uzito. Corrales alifariki kwa ajali ya pikipiki Las Vegas tarehe 7 Mei 2007, miaka miwili kamili baada ya usiku ule. Hata hivyo, tazama marudiano hayo mara moja, mpaka raundi ya nne ambako yaliishia. Corrales amesimama tena ndani, na ngumi iliyomlaza ni kushoto ileile ya kuzungusha.