Nasari ya miti ya kienyeji Kiambu Road, mahali unaulizwa udongo wako kwanza

Kama umechoka kuzunguka Nairobi ukitafuta miti ya kienyeji na kila mahali unauziwa grevilia, kuna nasari moja kando ya Kiambu Road, haina hata kibao, utaona tu neti nyeusi na pipa la maji ya bluu, iko na mama mmoja na kijana wake, na nimeenda hapo mara tatu tangu Aprili mwaka jana kwa hivyo hii naandika nikiwa na miti shambani tayari.

Mara ya kwanza nilienda kutafuta mukau. Nilikuwa nimeiona huko Kibwezi, mbao yake nzuri sana na mchwa haisumbui, nikaamua lazima niweke kumi kwa ploti yangu Ruai. Mama akauliza, Ruai ni udongo gani? Nikamwambia ni ule mweusi, ule wa kushika viatu mvua ikinyesha. Akakataa kuniuzia. Yaani niko na pesa mkononi na mtu anakataa! Akanieleza mukau kwao ni Kitui, Makueni, Tharaka, pande za ukame, udongo wa kupitisha maji haraka, na huo wangu mweusi unashikilia maji mpaka mizizi inaoza. Akanionyesha murera, ile mgunga ya ganda la njano unaiona Naivasha na Nakuru karibu na ziwa, hiyo imezoea kusimama kwa tope. Nikachukua sita, Sh100 kila mmoja. Mpaka leo zote sita ziko hai na moja imenipita kichwa.

Hapo ndio nilimwamini, juu nasari nyingi hakuna mtu anakuuliza unapanda wapi. Na neno kienyeji wanalitumia vibaya sana. Grevilia na mkaratusi zimetoka Australia, jakaranda imetoka Amerika Kusini, mwarobaini asili yake ni pande za India, na zote nimeshauziwa kama miti ya kienyeji, sema tu watu wamezizoea. Sisemi ni mibaya, mwarobaini umesaidia watu wengi, lakini nikiitisha mti wa hapa nipewe wa hapa.

Sasa muthiga, ule mti wa dawa wenye majani makali kama pilipili. Miaka ya nyuma mtu mwingine, sitamtaja, aliniuzia mche akaniambia ni muthiga, nikampelekea mamangu Kikuyu, akaumwagilia maji miaka miwili nzima, siku ameshikwa na kikohozi akachuma majani akatafuna na hakuna kitu, ni majani tu ya kawaida. Aki iliniuma, sio pesa, ni ile kazi yake yote na ile miaka. Kwa hii nasari mama alichuna jani moja, gumu kidogo, linang'aa upande wa juu, akaniambia tafuna polepole usimeze. Mwanzo unaskia jani tu. Halafu inaanza kule nyuma ya ulimi, pilipili kabisa, lakini sio ile ya kuchoma midomo, hii inapanda kooni, pua inafunguka, na ukishatema bado iko. Huo ndio muthiga, hakuna haja ya cheti. Wazee wanatafuna ganda lake kwa kikohozi, jino na tumbo, na majani kuna watu wanatia kwa mchuzi badala ya pilipili. Ukipita Waiyaki Way kuna stage inaitwa Muthiga, jina ni la huu mti. Mama haachi mtu aondoke na ganda, hauzi hata kidogo, anasema ukichuna ganda ukazunguka shina lote mti umeuua, chukua majani. Ni vile vile watu walimaliza mwiri, mti mwingine wa kienyeji, kwa kuchuna ganda la dawa ya prosteti ya kupeleka nje, mpaka biashara yake ikawekwa chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995.

Muhugu alikuwa nayo michache, Sh300, bei ya juu kuliko zote. Nililalamika kidogo halafu akaniambia mti dume uko peke yake na wa kike peke yake, mbegu unapata kwa wa kike tu, na nyingi ukizipasua wadudu wamekula ndani. Huu ndio mti wa Karura na Ngong, na ndio wachongaji Wakamba wameutumia miaka mingi kwa vinyago sababu ni mgumu na hauozi. Unakua polepole sana. Nilinunua minne nipate angalau dume na jike, imepandwa Kikuyu kwa udongo mwekundu.

Yenye sikupenda. Miche haina majina, kila kitu kiko kwa kichwa cha mama, na anajua majina ya Kikuyu na Kikamba tu, rafiki yangu wa Kisumu alitafuta mti unaoitwa siala kwa Kijaluo tukazunguka karibu nusu saa na kumbe ilikuwa hapo mbele. Mama akiwa hayuko usinunue, yule kijana ni mkarimu lakini anabahatisha. Pia angalia chini ya ile karatasi ya kushika udongo wa mche, miche imekaa sana mizizi ikatoboa ikaingia kwa ardhi, wakiing'oa inakatika. Mwiri wangu ulikauka ndani ya wiki tatu hivo hivo. Nikarudi na picha, pesa hakunirudishia, ila alinipa mwingine nusu bei na huo umeshika.

Parking hakuna, matatu ni rahisi zaidi, beba katoni. Mpesa wanakubali. Nenda asubuhi kabla mama wa nasari hajatoka, na nenda mvua ikianza Machi au Aprili. Muthiga mpya wa mamangu uko karibu na mlango wa jikoni, na kila nikienda ananipa jani moja kwanza kabla ya chai.